Kimo cha Kiti

Duluth, Februari. Ziwa limeganda hadi macho yanapokoma,
na Reino amerudi na mbao katika gari la kuazima,
papi za msonobari, futi kumi kila moja,
ncha zikichungulia nje, zimefungwa soksi nyekundu.
Anaziingiza chumba cha kulia
akikwepa taa, akikwepa paka,
asiikwepe kabati ya vyombo.

Skatingi hatukugombania.
Halafu taji la dari: aliliona benki, akalipenda,
likining'inia kama krimu pembeni mwa keki.
Nikamwambia, dari letu ni fupi, Reino,
ukilivika taji litatukalia kichwani sisi.
Akacheka. Akapunguza.
Kisha tukaufikia ukanda wa katikati,
ule unaoukinga ukuta na migongo ya viti,
tukakwama siku nne.

Maana ukuta wa magharibi una kovu.
Urefu wa kidole, kina cha kucha,
plasta imeliwa hadi vijiti vya ndani vinaonekana
kama mbavu za samaki aliyekwisha kuliwa.
Ni kazi ya mama yake.
Aune Kangas hakuwa mtu wa kupaza sauti.
Neno likimchoma, la bei ya kuni, la kanisa,
la mkwe asiyejua kukaanga samaki
(mkwe mwenyewe ndiye mimi),
alisukuma kiti nyuma, kikagonga ukuta, to!
akainuka, akaenda jikoni
kukoroga kahawa isiyo na sukari.
Miaka thelathini na moja.
To.

"Viti vyetu vinagusa inchi thelathini na mbili," nikasema.
"Kovu liko thelathini na nne na nusu."
Penseli sikioni, pimamaji mkononi,
kiputo kikihangaika kama jicho la mwongo.
Nyumba hii haina pembe hata moja ya nyuzi tisini.
Alikata ncha ya kwanza, arobaini na tano barabara,
upande usio wake.
Ya pili vilevile.
Ya tatu akanipa mimi msumeno, akatoka nje
kukwangua theluji ambayo alishaikwangua asubuhi.

Tukampigia simu dada yake, Lempi,
aliyekirithi kile kiti kirefu
na kukipandishia makopo ya rangi gereji.
"Zibeni," akasema. "Utoto wangu wote
nilikaa nikitazamana na tundu hilo. Zibeni, pigeni msasa,
pakeni rangi, mle."
Ni kweli, ufa usipozibwa utajengewa ukuta.
Lakini ufa ambao mtu huupitishia kidole gumba
kila akienda kuzima taa,
huo hakuna aliyetuachia methali yake.

Basi tukaupandisha ukanda.
Thelathini na nne na nusu, kuta zote nne,
ili upite juu ya kovu bila kulijaza.
Gundi, misumari myembamba, chokaa ya kufichia makosa,
na makosa yalikuwa mengi: pembe ya kaskazini
inaingia kadi ya benki nzima.
Chini tukapaka kijani cha chupa, juu rangi ya maziwa.
Jirani, Bwana Haugland, akasimama mlangoni na viatu vyake,
akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia.
"Mmeuweka juu," akasema.
Reino akagonga mbao kwa kifundo cha kidole,
huku, huku, kisha pale: mlio wa shimo.
Akatabasamu peke yake.

Jumapili tukala humo kwa mara ya kwanza.
Samaki wa ziwani, viazi, bizari.
Reino akatafuna, akatafuna,
akasema, kwa upole kabisa,
kwamba mama alikuwa akimwacha kidogo zaidi kwenye moto.

Sikujibu.
Nilisikia tu kiti changu kikirudi nyuma
na mgongo wake ukipita chini ya ukanda, inchi mbili na nusu,
kwenye kijani ambacho hakijamaliza kukauka.

Nikiwa jikoni, kijiko tayari kikombeni,
nikamsikia akivuta kiti kando,
akichuchumaa,
akifungua futi yake ya chuma.