Zima Mapema

Semhando, korona ya mkonge ilianza,
usaha ukamalizia: kiwambo kimetoboka.
Leo umelala Bombo, chumba cha pili,
na pumzi yako naishika mimi, kwa mkono wa kushoto.

Gesi hii haina adabu ya mgeni.
Haibishi hodi. Inapita damuni,
inajitoma kwenye kijumba cha nyuma ya kiwambo
na hewa ya mwanzo haijavaa hata viatu.
Wawili, chumba cha mmoja. Kuta zinatutumka.

Daktari Mwanaidi anashika kiraka,
chembamba kama utando wa kitunguu.
"Umezima?"
Nimezima. Robo saa sasa.

Maana kuzima nako kuna deni:
gesi ikitoka kwa pupa kijumba hunywea,
kiraka huvutwa ndani
kama shavu la mtoto anayefyonza ukwaju.
Shinikizo silioni. Naitazama saa ya ukutani,
ile inayochelewa dakika mbili,
najumlisha.

Wiki ya sita, pamba imetoka,
unageuza shingo: "Nani anafagia?"

Mlango umefungwa.
Ufagio uko mwisho wa koridoni.