Hesabu ya Shangazi

Ruzuku ni ya mtende ulio hai,
kasema kijana wa kilimo, tableti mkononi,
vumbi la Mudhairibu limemjaa viatuni.
Shangazi Zuwena akatangulia kandokando ya mfereji,
akihesabu kwa Kiswahili,
kama alivyopima pishi za karafuu Wete:
khalasi kumi na tisa,
khasabu minane, naghali sita.

Wakafika kwenye ule usio na kichwa.
"Huu umekufa, mama."
"Najua. Niliusikia ukitafunwa na funza, usiku kucha,
mwaka tuliomzika Hamduni."

Kijana akainama, asiseme neno,
akabonyeza thelathini na nne.

Shangazi akachungulia kioo.
"Futa mmoja, mwanangu.
Maiti halipwi mshahara."

Fedha zikaja Shawali,
zikaishia kwenye mbolea na deni la pampu.
Lakini zamu yetu ya falaji ilipofika,
nusu saa tu, alfajiri,
akashika jembe, akayazibua maji
yakaenda polepole, yakinusa njia,
hadi kwenye ule wa thelathini na nne.

Nikamtazama.
"Haya si ya serikali," akasema.
"Hebu toa hilo tope."