Nafsi ya Tatu, Umoja

Beti nane, kwa penseli,
nyuma ya risiti ya kinu cha unga huko Võrumaa,
na sahihi ya mwanamke iliyo herufi moja tu: L.
Mwaka wa pili huu nakula nazo, nalala nazo,
hapa Tartu, ghorofa ya tatu, kando ya mto ulioganda,
nikiandika tasnifu ya fasihi linganishi
ambayo mama yangu, kule Bragança,
huwaeleza majirani kuwa ni kozi ya ukalimani.

Neno lililonileta ni fupi: ta.
Yeye. Basi. Halina sketi wala suruali.
Mimi niliyelelewa na lugha
inayojua kwamba meza ni mwanamke na uma ni mwanamume,
lugha isiyokuruhusu kusema umechoka
kabla hujaungama una nini chini ya nguo,
nililipenda neno hilo
kama mtu apendavyo chumba kisicho na kioo.

     Alikuja usiku, theluji mabegani.
     Hakusema kitu. Nilimwekea paji langu shingoni,
     na kila moyo wake ulipopiga mara moja
     wangu ulipiga mara tatu.

Mchungaji mmoja Mjerumani alipozitafsiri beti hizo
alimpa yule mgeni ndevu, na katika ubeti wa sita, pete.
Mfaransa, miaka thelathini baadaye,
akamnyoa ndevu, akamsuka nywele,
akamtia haya, akamliza.
Sura ya pili: ndevu. Sura ya tatu: nywele.
Sura ya nne ilikuwa yangu mwenyewe,
kurasa arobaini na moja juu ya kimya cha kiwakilishi,
na tanbihi ndefu kama mkia.
Profesa Pärnoja aliisoma akikoroga chai isiyo na sukari.
"Si mbaya," alisema.
Huku, hiyo ni sifa. Au ni msiba. Bado najifunza.

Eneli ndiye aliyeharibu kila kitu.
Tumepanga pamoja; anasomea utabibu wa mifugo, mwaka wa tano,
mikono yake haiishi harufu ya dawa.
Aliinua karatasi yangu ili apate pa kuweka sufuria ya supu,
akaisoma amesimama, kijiko mdomoni.
Kisha akagonga meza kwa kijiko kile:
ta, ta, ta. "Huu moyo wake L., ana hofu."
Akasubiri.
Ta. "Na huu wa mgeni. Thelathini kwa dakika.
Mtu akiwa hivyo, ita gari la wagonjwa."
Akamimina supu.
"Huyu ni farasi. Amerudi nyumbani peke yake."

Nilicheka. Halafu nikaenda moja kwa moja ubeti wa nane,
ule niliouita, mbele ya watu, kwenye semina,
"fumbo la wivu":

     Nikamuuliza: umemwacha wapi?
     Akatikisa kichwa. Theluji ikadondoka.

Yeye wa pili! Alikuwa amesimama mlangoni pale
miaka mia na zaidi, na hakuna aliyemkaribisha.
Mchungaji alimfanya mke mwenza. Mfaransa, mume.
Mimi nilimfanya nadharia.

Jumamosi tukapanda basi hadi zizi moja nje ya mji.
Eneli hakuniambia kama ni jike au dume,
nami sikuinama kutazama.
Shingo ilikuwa ya moto, ikinuka nyasi kavu na mvua ya zamani.
Niliweka paji langu.
Moja.
Wangu ukakimbia mbele, ukageuka, ukangoja.
Mbili.
Nilipofika sita nikapoteza hesabu,
na kwenye basi Eneli akataka kujua
nilikuwa nahesabu kwa lugha gani. Sikumbuki.

Tasnifu inatakiwa Mei.
Kurasa arobaini na moja nimezifuta usiku mmoja,
nikabakisha swali lake L. katikati ya ukurasa mweupe.
Najua Profesa atakoroga chai, atauliza hoja iko wapi.
Umemwacha wapi?
Nitatikisa kichwa.