Hapa Hatupigi Magoti

Mama hushuka Menengai kwa njia ya mbuzi,
chupa ya maji, leso, kitabu cha nyimbo
kilichoshonwa mgongo kwa uzi wa gunia.
Mimi hushuka kwa gari la kampuni,
kofia ngumu, buti, kitambulisho shingoni.
Shimo ni lile lile.
Yeye huingia pangoni kufunga siku tatu,
mimi huenda kisima namba tisa
kusikiliza mawe yakichemka.

Usiku upepo ukigeuka
mvuke wetu huwafikia katikati ya sala
na harufu yake ya mayai viza.
Nasi, mitambo ikinyamaza,
husikia "Bwana, Bwana" ikikwea ukuta wa mwamba.
"Wenzetu nao wanachimba," alisema mhandisi Odera.
Watu wakacheka. Mimi nilicheka nyuma yao.

Iko kona pangoni, mkono wa kushoto,
ambako jiwe limepauka.
Sheria ya wanaofunga ni kongwe kuniliko:
hapa hatupigi magoti.
Mshumaa ukiteremshwa usawa wa goti
hufa bila upepo, kana kwamba mtu kaufinya.
Roho wa pale, wanasema,
hataki kuinamiwa.

Zakayo Kimosop alikuwa mgeni, hakuambiwa.
Usiku wa pili akapiga magoti.
Alfajiri walimkuta paji la uso limegusa ardhi.
Mkao mzuri, walisema,
mkao wa mtu aliyejibiwa.

Nilimweleza mama kibarazani, kule Rhonda,
kwa sufuria na kikombe cha maji:
hewa ya kaboni ni nzito, mama,
hutoka nyufani, hujaa chini hivi,
haina rangi, haina sauti. Si roho.
Alisikiliza akichambua mrenda,
majani huku, vijiti kule.
"Umenieleza ilivyomuua.
Mimi nauliza mbona usingizi ulinichukua
kabla sijamwambia."

Nilikuwa na grafu.
Grafu haikuwa na safu ya usingizi.

Jumapili nikaazima kipimahewa cha zamu,
nikakitundika konani kwa msumari,
kimo cha goti.
Kililia katikati ya "Amina."
Mtu akapiga ukelele: "Pepo!"
"Si pepo," mama akasema. "Ni mwanangu."

Sisemi kwamba ninaamini.
Nasema tu kwamba usiku ule namba tisa ilipofunguka,
nguzo nyeupe ikapaa hadi nyota zikapotea,
na kifua changu kikatetemeka kama bati,
nilitamka neno
ambalo halimo katika mwongozo wa kazi.
Odera alilisikia. Akatazama saa yake.

Mwezi ulipokwisha nilirudi kuchukua kifaa.
Kilikuwa kimevalishwa mfuko wa unga
kisiingiwe na umande.
Na mama akanipa kitabu chake cha nyimbo,
ukurasa wa nyuma, penseli, herufi za gumba:
Jumanne alfajiri, nukta nne. Tuliimba namba 61.
Jumatano, baada ya mvua, moja nukta tisa. Tulitoka nje.
Ijumaa usiku, tatu. Tulitoka. Dada Mmbone alikataa,
tukambeba.
Jumamosi, sifuri nukta tano. Asante.

Siku thelathini na moja, hakuruka hata moja.
Mimi, mwenye shahada,
sijawahi kujaza mwezi bila pengo.

Nilinakili tarakimu zote kwenye fomu ya ofisi.
"Asante" nikaiacha,
nikairudia, nikaiandika kwenye safu ya maelezo.
Fomu ilidai jina la mpimaji:
Rasoa Vihenda.
Ikadai mpimaji alikuwa hapo kwa shughuli gani.
Kalamu ilisimama hewani muda mrefu.

Niliandika: kuomba.

Msimamizi alipitisha kidole mstari kwa mstari,
akafika pale, akatua,
akauliza kama mvua ya Jumatano
ilinyesha kabla ya saa sita au baada.

Nikasema nitamuuliza.