Mwenyeji Apone

Tezi za mate ya usubi ni mbili,
ndogo kuliko nukta ya kalamu yangu.
Leo nimechopoa jozi mia na sita
kwa sindano, chini ya darubini,
kiyoyozi kikilia kama mbuzi aliyesahauliwa kambani.
Kichwa hukivuta polepole. Ukiharakisha
zinapasuka, na asubuhi nzima
inabaki doa la maji kwenye kioo.

Jike tu ndiye anayeuma, na hana mlio.
Mbu angalau hupiga hodi sikioni.
Huyu huja kwa kurukaruka,
hukwangua ngozi, hungoja kidimbwi kijae,
na hata kabla hajanywa, hutema.

Mate yake ni kuuma na kupuliza:
huiambia mishipa, panukeni;
huiambia damu, usigande, haraka ya nini;
huwaambia walinzi wa mwili,
kaeni tu, ni mimi.
Katika utulivu huo wa kurubuniwa
kimelea hupita
na kwenda kulala ndani ya mlinzi mwenyewe.

Yadollah alikuja Varzaneh mwezi wa Aprili,
askari wa lazima, mtoto wa Rasht,
kwao mvua na mpunga.
Kituo chao kinapakana na mashimo ya panya wa jangwani.
Joto lilipozidi akalala juu ya paa, bila chandarua.
Septemba akaniletea barua ya daktari
na kidonda shavuni, kibichi, upana wa sarafu,
kingo zimeinuka.
Nikamwambia kitapona. Itachukua miezi.
"Na kovu?"
Nikajifanya natafuta glavu.
"Mama ameshawapigia simu wazazi wa msichana," akasema.

Anayetufagilia maabara ni Bibi Khavar.
Miaka sitini analala uani,
miaka sitini usubi wanamla,
na ngozi yake haina kovu hata moja.
Akiumwa, pale pale panavimba, panawaka,
kufikia jioni pametulia.
Nilimwomba tone la damu, nikalipima na mate yale:
sahani ikageuka njano, njano ya zafarani.
Mwili wake unayajua mate hayo
kama mke wa mlevi ajuavyo hatua za mlangoni;
walinzi wameamka kabla kitasa hakijageuka.

Daktari Golshiri anasema mtu mmoja si ushahidi.
Kweli. Labda ni bahati.
Labda aliugua utotoni, kovu likafichwa na mikunjo.
Bibi Khavar mwenyewe anasema ni vitunguu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Ila vitabuni mwetu mwenyeji ndiye anayeliwa,
na Yadollah alifanywa mwenyeji
kabla hajamaliza kuwa mgeni.
Siku hizi akicheka hufunika shavu,
kisha hukumbuka, hushusha mkono,
na kicheko kinakuwa kimeshaisha.

Mimi ni wa Tabriz. Huu ni mwaka wa nne.
Jana usiku niliumwa juu ya kifundo cha mkono
na pakavimba, pekundu, pa moto,
pakawasha hadi adhana ya alfajiri.
Mwaka wa kwanza hapakuwa hivi.
Nilijikuna gizani, nikitabasamu kipumbavu,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake
kwenye soko la ugenini.
Kisha nikainuka nikafunga chandarua.