Ukuta Usiobeba Kitu

Fundi Semkiwa aliugonga kwa kifundo cha kidole,
akatega sikio kama anayechagua nazi,
akasema: huu haubebi kitu.
Paa limekalia zile kuta za kando.
Huu mnautoa hata leo.

Mama akacheka, peke yake.

Miaka kumi na tisa umewabeba
baba na baba mdogo Shekue,
kila mtu na nusu yake ya korido,
jiko lake, mita yake ya umeme,
redio mbili kwenye taarifa moja ya habari,
hii ikijitutumua kuishinda ile.
Tofali zake baba alizinunua kwa baiskeli:
aliiuza, akaenda kiwandani kwa miguu
mpaka alipostaafu.
Ngamiani nzima inapita kwa pedeli,
yeye na vumbi.

Sasa wote wawili wametangulia.
Ugomvi umebaki hauna wenyewe,
umesimama katikati ya nyumba
na chokaa juu, bluu chini yake, kijani chini ya bluu.

Nyundo ya kwanza ilipopiga
Mwantumu wa baba mdogo alishika mdomo.
Ya pili, akashika karai.
Kifusi tukakijazia lile shimo la uani
linalotuamisha maji kila masika.
Saruji mifuko mitatu, kwa deni,
na dirisha pana upande wa jikoni.

Basi mwanga wa uani ukaja moja kwa moja
mpaka mlango wa barazani,
ukatuonyesha utando wa buibui darini,
ule ambao kila upande ulisema
ni uchafu wa wale.

Mikeka miwili haikulingana upana.
Tukaibananisha hivyohivyo,
sinia moja, wali wa nazi,
na ukimya wa watu wasiojua
nani anyooshe mkono kwanza.

Wiki nzima tulikuwa tukizunguka
kitu kisichokuwepo:
mtoto anakimbia, akifika pale anapinda,
mimi usiku napapasa kitasa hewani.

Na Mama Mdogo Riziki, hata jana,
kashika bakuli la mbaazi,
akasimama kwenye ule mstari wa sakafu
ambao fundi bado hajaurudi kuulainisha,
akasema, “Hodi.”

Mama alikuwa anachambua mchele.
Hakuinua kichwa.
“Pita, mke mwenzangu wa nyumba,” akasema,
“na hilo bakuli ulirudishe lini?
Ni langu tangu mwaka ule.”