Sentensi ya Neno Moja

Niliipeleka habari saa kumi na moja jioni,
vumbi la Hombolo bado limo kwenye viatu.
Bi Ndahani akaisoma amesimama,
kalamu nyekundu sikioni,
na kabla hajaketi akahesabu kwa sauti:

"Imeelezwa kuwa. Imebainishwa kuwa.
Aidha, imeelezwa.
Nani anaeleza, mwanangu?
Hii ni habari, au treni ya mizigo inayopita Kikuyu,
behewa, behewa, behewa,
na mtu kasimama kwenye kivuko cha reli
mpaka kasahau alikuwa anakwenda wapi?"

Nikasema, ndivyo wanavyoandika wote.
Akasema, ndiyo maana kesho yake tunafungiwa maandazi.

Nikaanza upya. Nikaanza na ofisa,
maana ofisa ana cheo, na cheo ni kirefu:

Kaimu Ofisa Kilimo wa kata,
akizungumza na wakulima waliokusanyika tangu alfajiri
kumsubiri mnunuzi ambaye,
kwa mujibu wa barua iliyosomwa mwezi uliopita
na kusomwa tena wiki iliyopita,
angefika na malori matatu
mara tu taratibu zitakapokamilika,
amewataka kuwa na subira.

Nilidhani ataikata. Akacheka.
"Iache. Msomaji atembee humo mpaka miguu imuume,
ajue nao walivyosubiri.
Halafu umpe kigoda."

Nikamkumbuka Mbeleje Chilewa,
kichala kilivyomwachia mkononi,
tunda moja moja likidondoka kwenye kanga,
nyuki wakizunguka, na harufu
ya mvinyo ambao hakuna aliyeuagiza.
Nikaandika:

Zimeoza.

Nikalitazama neno.
Zabibu zenyewe zimo, pale mwanzoni, kwenye *zi*.
Wakati umo, umekwisha na bado unanuka.
Tendo limo pia,
ila aliyelitenda hayumo.

Nikatia alama ya mshangao.
Bi Ndahani akaikwangua kwa ukucha.
"Alipiga kelele?"
Hapana. Aliongea polepole, kama anayepima chumvi.
"Basi usimpigie wewe."

Nikaandika: Nani atawalipa?
"Hilo lako au lake?"
Nikapekua daftari. Lake lilikuwa jingine,
alilisema ameinama, anafunga kamba ya kiatu:
"Mkopo wa dawa, nao utasubiri?"
Tukaliacha midomoni mwake,
kati ya alama mbili za kunukuu,
na langu tukalitupa.

Chini kabisa nilikuwa nimebandika
ile tuliyoizoea: Wananchi wametakiwa.
Wametakiwa kuunda ushirika, wametakiwa kukausha,
wametakiwa kutoa taarifa.
"Wote wametakiwa," akasema. "Nani hajatakiwa kitu?"
Nikakaa kimya kidogo.
Kisha nikaandika, na mkono haukusita:

Mnunuzi hakupokea simu.
Gazeti hili lilimpigia mara nne.

Saa tano usiku ukurasa ukaenda.
Maneno mia mbili na kumi,
mengine yameshikana mikono kama watoto wa chekechea,
mengine yamesimama peke yake juani.
Chini yetu mlinzi wa duka la mbegu anakohoa,
Barabara ya Saba imebaki na muuza kahawa.

Imebaki sentensi moja daftarini, ukurasa wa tisa.
Nyemo, bintiye Mbeleje, darasa la nne,
alinisindikiza hadi kwenye bodaboda
amebeba kofia yangu kwa mikono miwili,
akauliza: "Utarudi?"

Si tukio. Si takwimu. Haina chanzo cha pili.
Na aliyeulizwa ni mimi.

Nikamwonyesha Bi Ndahani.
Akaisoma, akairudia, akajitanda mtandio.
"Hiyo si ya gazeti," akasema,
akazima taa ya upande wake.

Gari la Hombolo huondoka saa kumi na mbili na robo.